Toledo au Segovia? Siku moja na watoto nje ya Madrid

Familia ikifika Madrid na kubakiwa na siku moja mkononi, swali huwa lile lile: Toledo au Segovia? Miji yote miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Segovia tangu 1985 na Toledo tangu 1986. Yote miwili inafikika kwa nusu saa hivi ya treni ya mwendo kasi. Kila mmoja una kanisa kuu la kushangaza na jengo liitwalo Alcázar, jina ambalo Mswahili hana haja ya kutafsiriwa: ni al-qasr ya Kiarabu, kasri letu hili hili. Hata viwanja vyao maarufu vina neno soko tumboni. Zocodover ya Toledo ni suq ad-dawabb, soko la wanyama wa mizigo, na Azoguejo ya Segovia ni soko dogo tu.

Kwa hiyo ukikaa kuhesabu vivutio hutapata jibu. Sisi tunashauri uchague kwa kuangalia miguu ya yule mdogo kuliko wote kwenye msafara, na magoti ya yule mkubwa kuliko wote. Segovia ni mstari, Toledo ni fundo. Hilo ndilo linaloamua siku yenu itakwendaje, kuliko umri wa majengo au umaarufu wa wachoraji.

Umbo la kila mji

Segovia imekaa juu ya mgongo mwembamba wa mwamba. Mwanzo wa mgongo kuna daraja la maji la Warumi, mwisho wake kuna Alcázar, na katikati kuna kanisa kuu. Kutoka daraja hadi Alcázar ni kilomita 1 na robo hivi, kwa barabara moja inayobadilisha majina njiani lakini isiyokupoteza. Sehemu kubwa haina magari na sakafu yake ya mawe ni sawasawa, kiasi kwamba kigari cha mtoto kinapita bila kurukaruka. Mwinuko upo kutoka Azoguejo hadi Plaza Mayor, uwanja mkuu wa mji, ila ni wa polepole. Tena kitu kikubwa kuliko vyote mnakikuta dakika ya kwanza, wakati watoto bado wana nguvu, na kasri la minara linawangoja mwisho wa njia kama zawadi. Mtoto wa miaka 5 anaielewa siku ya namna hiyo bila kuelezwa.

Toledo imejengwa juu ya kilima kilichozungukwa na mto Tajo pande tatu. Vichochoro vyake vinapinda, vinapanda, vinashuka, vinagawanyika mara mbili halafu vinakurudisha ulipotoka. Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Unguja ataijua hali hiyo, ila hapa aongeze mlima. Ramani ya simu itasema mita 600, nawe utatumia dakika 20, kwa sababu ramani haihesabu ngazi, na katikati ya kuta ndefu simu yenyewe huchanganyikiwa isijue umesimama kichochoro kipi. Sehemu nyingi zimetandazwa mawe madogo ya mto yaliyosimamishwa kwa ncha. Magurudumu madogo ya kigari cha mtoto hukwama baina ya mawe hayo, mtoto anatikisika, na anayesukuma anachoka kabla ya saa sita. Magari ya wakazi nayo hupita humo humo: likija gari, familia nzima inajibanza ukutani au mlangoni mwa mtu. Kwa mtoto asiyetembea, beba mbeleko na uache kigari hotelini.

Hayo si kusema Toledo ni mbaya kwa familia. Ina hazina nyingi kuliko Segovia, mara nyingi zaidi. Ila Toledo lazima uikate vipande, na anayejaribu kuimaliza yote kwa siku moja na watoto huishia kuona visigino vyake tu.

Kufika

| | Toledo | Segovia |
|---|---|---|
| Treni inaondokea | Atocha | Chamartín |
| Muda wa treni | dakika 33 hivi | dakika 28 hivi |
| Stesheni hadi mji mkongwe | dakika 20 hadi 25 kwa miguu, kupanda. Au basi la mji, au teksi | kilomita 5 na zaidi. Basi namba 11 au teksi |
| Basi linaondokea | Plaza Elíptica | Moncloa |
| Muda wa basi | saa 1 hadi saa 1 na nusu | saa 1 na robo hivi |

Kosa linalokosesha watu treni ni la stesheni. Atocha iko kusini mwa Madrid, Chamartín kaskazini. Metro namba 1 inaziunganisha, lakini safari hiyo peke yake inakula karibu nusu saa. Soma jina la stesheni kwenye tiketi usiku wa kuamkia safari. Kwenye treni hizi mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi na lango hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, hivyo familia ifike nusu saa kabla. Kila abiria ana kiti chake chenye namba. Mtoto mdogo asiyelipiwa kiti naye atolewe tiketi yake wakati wa kununua, msidhani kupakatwa kunatosha.

Treni ya Toledo hujaa haraka, hasa Jumamosi na siku za sikukuu. Kata tiketi ya kwenda na kurudi mapema. Ukikata ya kwenda peke yake ukitegemea kuchagua saa ya kurudi baadaye, unaweza kukuta treni tatu za jioni hazina viti vinne vilivyobaki. Ikitokea hivyo, basi la Plaza Elíptica ndilo mkombozi: linaondoka mara kwa mara mchana kutwa, na nauli yake ni kama nusu ya treni. Uliza lile la moja kwa moja, kwani jingine huzunguka vijijini.

Kwa Segovia mtego uko mwisho wa reli. Stesheni ya treni ya mwendo kasi, Segovia-Guiomar, imejengwa uwandani nje ya mji, na ukishuka huoni mji wowote. Basi namba 11 hungoja abiria wa treni na kuwafikisha karibu na daraja la maji kwa dakika 15 hadi 20. Msikae kupiga picha stesheni, maana basi likiondoka inabidi mngoje treni ijayo au mchukue teksi. Kurudi ni vivyo hivyo: tokeni Azoguejo dakika 45 kabla ya saa ya treni. Ukijumlisha yote, basi la Moncloa halipitwi kwa mbali na treni. Linawashusha kituo kilicho mwendo wa dakika 7 hadi 10 kutoka daraja, bila kubadilisha chombo, kwa nauli ndogo. Kwa familia ya watu wanne au watano sisi tunalipendelea basi kwa Segovia na treni kwa Toledo.

Neno juu ya saa: hapa tunataja saa za Kiswahili, lakini tiketi na vibao vya Hispania vimeandikwa kwa mfumo wa saa 24. Saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 8 mchana ni 14:00, saa 10 alasiri ni 16:00.

Segovia, kutoka daraja hadi kasri

Anzeni Azoguejo, chini kabisa ya daraja la maji, mahali lilipo refu kuliko kote: mita 28 na kitu kutoka ardhini. Lilijengwa katika karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, lina matao 167, na kazi yake ilikuwa kuleta maji kutoka chemchemi za milimani umbali wa kilomita 15 na zaidi. Kuliona ni bure, usiku na mchana.

Msogeze mtoto hadi kwenye nguzo mojawapo, aweke kiganja juu ya jiwe. Hakuna saruji wala chokaa baina ya mawe ya graniti. Yanashikana kwa uzito wake yenyewe, na jiwe la kufungia tao pale juu ndilo linalozuia mengine yasianguke. Kisha mwonyeshe vitundu vilivyochongwa kwenye nyuso za mawe, kila jiwe na chake, vya kutosha kuingiza kidole. Hivyo vilishikwa na koleo kubwa la chuma lililoning'inia kwenye winchi. Jiwe likivutwa juu, uzito wake ndio uliolibana koleo zaidi. Mtoto akishajua hilo atavitafuta vitundu ukuta mzima, nawe utapata nafasi ya kutazama.

Matao 36 kati ya hayo si ya Kirumi. Inaelezwa kwamba yalibomolewa 1072 katika vita vilivyotoka Toledo, yakajengwa upya karne ya 15. Wenyeji nao wana hadithi yao. Msichana aliyechoka kubeba ndoo za maji alimwahidi shetani roho yake ikiwa maji yangefika mlangoni kwake kabla jogoo hajawika. Jua likachomoza jiwe moja likiwa bado halijawekwa. Pandeni ngazi za mawe zilizo pembeni hadi juu, ambako daraja linaingia ukutani mwa mji. Kutoka hapo linaonekana kwa urefu wake, likipungua kimo kadiri ardhi inavyopanda. Karibu na hapo kuna sanamu ya shaba ya huyo shetani wa hadithi akijipiga picha kwa simu, iliyowekwa 2019. Watoto huipenda mno.

Mkianza kupanda barabara kuu mtaipita Casa de los Picos, nyumba ambayo ukuta wake wa mbele umepangwa mawe yaliyochongoka zaidi ya 600. Hapana haja ya kuingia. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa 1525 baada ya lile la awali kuharibiwa katika vita karibu na Alcázar, linatosha dakika 30 hadi 40 na tiketi yake ni nafuu. Mnara wake hupandwa na kiongozi kwa saa maalumu na ngazi zake ni nyingi. Kwa familia yenye mtoto chini ya miaka 8 tunashauri muuache, kwani mnara wa Alcázar uko mbele.

Alcázar ni mahali pa kutumia saa nzima na nusu. Kwa mbele inafanana na ncha ya meli, na watoto wengi huitambua kuwa kama kasri za katuni. Ndani, vyumba vya kwanza vina mavazi ya chuma ya askari na ya farasi wao. Halafu kuna ukumbi wenye mfululizo wa sanamu za wafalme na malkia kuzunguka dari. Isabel alitoka humu tarehe 13 Desemba 1474 kwenda kutangazwa malkia wa ufalme wa Castilla. Moto wa 1862 uliunguza dari nyingi, kwa hiyo sehemu ya unayoyaona ni kazi ya ukarabati, na ni vizuri watoto waambiwe hivyo. Tiketi ya mnara hununuliwa pamoja na ya kasri. Ngazi zake ni zaidi ya 150, za kuzunguka, nyembamba, na wanaopanda hukutana na wanaoshuka. Mbeleko ya mgongoni hukwaruza ukuta humo, hivyo mzazi mmoja abaki uwanjani na mdogo kisha wapokezane.

Picha ya kasri lote haipatikani ukiwa kasrini. Ipo chini bondeni, kwenye uwanja wa majani wa San Marcos, karibu na kanisa dogo la Vera Cruz lenye pande 12. Kushuka ni rahisi, kurudi ni mlima wa kutoa jasho. Mkiwa na watoto chini ya miaka 7, chukueni teksi au muache. Pia kumbukeni kwamba mstari una ncha mbili: mkimaliza Alcázar bado mna kilomita 1 na robo ya kurudi. Kwa bahati njema kuanzia Plaza Mayor njia inateremka.

Toledo, kwa vipande

Siri ya Toledo na watoto ni hii: pandeni kwa chombo, shukeni kwa miguu. Stesheni yenyewe itazameni kwanza. Ni jengo la matofali na vioo vya rangi, lililofunguliwa baada ya 1915, na ni nzuri kuliko stesheni nyingi za Ulaya. Kisha msianze kupanda kwa miguu. Chukueni basi la mji au teksi hadi Zocodover. Familia nyingi huondoka stesheni zikisema "dakika 20 tu", zinafika juu watoto wakiwa wameshamaliza maji na subira. Jioni, mkirudi, piteni chini ya tao la Arco de la Sangre, mshuke ngazi hadi daraja la Alcántara na kuvuka mto. Njia ni ile ile, ila sasa kilima kinawasaidia.

Wenye gari waegeshe Safont, chini ya ukuta, ambako maegesho ni ya bure na kuna ngazi za umeme za kupandia mjini. Ngazi nyingine za umeme, zile za Recaredo zilizofunguliwa 2000, ziko upande wa kaskazini-magharibi na zinapandisha mita 36 hivi kwa vipande sita. Watoto huzihesabu kuwa kivutio kwa haki yake.

Saa 4 asubuhi ingieni kanisa kuu, kabla ya makundi ya watalii kuzidi. Lilianza kujengwa miaka ya 1220 na kukamilika 1493. Ni kubwa kupita kiasi cha mtoto kulipokea, kwa hiyo mpe kazi. Kwanza, atafute kofia: juu ya makaburi ya makadinali kuna kofia zao nyekundu zilizochakaa zinazoning'inia kwa kamba kutoka darini. Pili, atafute tundu: nyuma ya altare kuu mafundi walitoboa dari la karne kadhaa ili mwanga wa jua uangukie kazi ya marumaru na shaba inayoitwa Transparente, iliyokamilika 1732. Akisimama pale na kuinua shingo ataona malaika wamejipanga kuzunguka dirisha lililo juu kabisa. Wakubwa wasikose sakristia, chumba cha mapadre kuvalia, chenye michoro ya mchoraji El Greco. Baada ya saa 1 na robo tokeni, hata kama hamjamaliza. Tiketi ni euro 12 hivi kwa mtu mzima, ghali kuliko kiingilio kingine chochote cha siku.

Kutoka hapo teremkeni magharibi hadi mtaa wa zamani wa Wayahudi, na hapa ndipo Toledo inapoiacha Segovia mbali. Ndani ya mwendo wa dakika 10 kuna sinagogi la El Tránsito, lililojengwa miaka ya 1350 na Samuel ha-Levi, mweka hazina wa mfalme, lenye maandishi ya Kiebrania na nakshi za mtindo wa Kiislamu ukuta mmoja. Kuna Santa María la Blanca, sinagogi lililogeuzwa kanisa, lenye nguzo nyeupe na matao ya umbo la kwato za farasi. Kuna kanisa la Santo Tomé na mchoro mkubwa wa El Greco wa mazishi ya bwana wa Orgaz. Na kuna monasteri ya San Juan de los Reyes, ambayo ukuta wake wa nje umetundikwa minyororo ya mateka wa Kikristo walioachiliwa huru katika vita vya Granada. Msiingie yote. Chagueni mawili, na mtoto achague mojawapo.

Kiingilio cha sehemu kadhaa za aina hii huuzwa pamoja kwa bangili ya mkononi, pulsera turística, inayofungua milango saba. Ina faida mkiingia minne au zaidi. Mkiingia miwili au mitatu, lipeni mlango kwa mlango. El Tránsito na kanisa kuu havimo kwenye bangili hiyo, na hilo huwakasirisha wengi mlangoni.

Msiondoke bila kuuona msikiti mdogo uitwao leo Cristo de la Luz. Kwetu sisi ndio kitu cha thamani kuliko vyote Toledo, na kwa msomaji wa Kiswahili zaidi tena. Una mita 8 hivi kila upande, mdogo kuliko misikiti mingi ya mitaa ya Lamu. Simameni nje, mbele ya ukuta wa matofali, mtazame ukanda wa juu: ni maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi, nayo hayakupakwa rangi wala kuchongwa bali yamejengwa kwa matofali yenyewe, mengine yakitokeza na mengine yakirudi nyuma. Yanaanza kwa Bismillahi, yanamtaja Ahmad ibn Hadidi aliyeugharimia kwa mali yake, na Musa ibn Ali aliyeujenga, na mwezi: Muharram 390, yaani mwaka 999 au mwanzo kabisa wa 1000. Mtoto anayesoma madrasa ataitambua herufi moja moja akisaidiwa. Ndani, nguzo nne zinaugawa msikiti vyumba tisa vidogo, na kila kimoja kina kuba yake ambayo mbavu zake zimepangwa tofauti na za jirani. Mwache alale chali kwenye benchi azilinganishe. Toledo ilichukuliwa na mfalme wa Kikristo Alfonso VI mwaka 1085, na baadaye jengo likaongezewa sehemu ya nusu duara na kuwa kanisa. Mnaona kiunganishi wazi kabisa, matofali ya zama mbili yakigusana.

Njia isiyochosha kutoka mtaa wa Wayahudi hadi msikitini ni kutoka nje ya ukuta kwa lango la Cambrón, kufuata barabara ya Recaredo inayoteremka, kupanda kwa ngazi za umeme, kisha kutembea mwendo mfupi. Kukatiza katikati ya mji ni karibu zaidi kwenye ramani na mbali zaidi kwa miguu.

Mandhari ya mji mzima juu ya kilima hupatikana ng'ambo ya mto, Mirador del Valle. Kwa miguu ni mbali. Kigari cha utalii chenye mabehewa, kile kinachofanana na treni, hupita huko na kurudi kwa dakika 45 hivi. Watoto waliochoka hupumzika humo saa 10 alasiri, wakati mwanga nao ni mzuri.

Chakula

Jikoni za Hispania zinafunguka kwa chakula cha mchana saa 7 na nusu au saa 8, na kufunga saa 10. Cha usiku hakianzi kabla ya saa 2 na nusu. Familia inayotaka kula saa 6 kamili kama nyumbani itakuta mikahawa ikiuza mikate tu. Wapeni watoto kitu kizito saa 5 asubuhi, halafu mkae mezani saa 7 na nusu mlango unapofunguliwa. Ukifika saa 8 na robo Jumapili bila kuweka meza, mtasimama. Siku za kazi ulizeni menú del día: chakula cha kwanza, cha pili, kinywaji na kitu kitamu kwa bei moja.

Kwa familia ya Kiislamu tofauti ni kubwa. Fahari ya Segovia ni mtoto wa nguruwe wa kuchoma, na mara nyingi utamwona mzima dirishani. Hata maharage makubwa meupe ya huko, judiones, hupikwa na soseji za nguruwe. Kwa kula, Segovia itawabana: samaki, mayai, na kimanda cha viazi kiitwacho tortilla, baada ya kuuliza kama hakina chorizo, soseji ya nguruwe. Toledo nayo ina carcamusas, mchuzi wa nguruwe, lakini kwa kuwa watalii ni wengi mchaguo ni mpana. Sentensi ya kushika ni "sin cerdo, sin jamón", yaani bila nguruwe, bila jamoni (paja la nguruwe lililokaushwa), kwa sababu kwa Wahispania wengi jamoni huja vipande vidogo kwenye supu na mboga bila kutajwa. Asiye na hakika abebe chakula kutoka Madrid. Uwanja wa San Marcos kule Segovia ni pazuri kwa mkeka.

Jua, baridi na siku ya wiki

Julai na Agosti Toledo hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na mawe ya vichochoro hutunza joto hilo. Segovia iko mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo ina nafuu ya nyuzi kadhaa na upepo jioni. Kiangazi, ikiwa kuna mtoto mchanga au mzee, jibu ni Segovia. Desemba hadi Februari mambo yanageuka: Segovia ina barafu asubuhi, upepo wa milimani unapenya kwenye matao, na Toledo inavumilika zaidi.

Jumapili kanisa kuu la Toledo hupokea watalii kuanzia saa 8 mchana tu, kwa sababu ya misa, na El Tránsito hufungwa mchana huo huo. Jumatatu El Tránsito halifunguliwi kabisa. Segovia haina tabu hiyo: daraja halina mlango, na Alcázar hufunguliwa karibu kila siku. Siku za Corpus Christi, sikukuu ya Kikatoliki, Toledo hupamba mitaa yake kwa maua na vitambaa. Inapendeza, ila familia yenye watoto wadogo haitapenya.

Nani aende wapi

Watoto wote chini ya miaka 8: Segovia. Bibi au babu mwenye maumivu ya magoti: Segovia, na teksi iwafikishe Plaza Mayor ili mwinuko uishe kabla ya kuanza. Kigari cha mtoto kisichoachika: Segovia. Watoto wa miaka 10 kwenda juu wanaouliza maswali ya dini, ya vita, ya nani aliishi na nani: Toledo, bila kusita. Familia inayotafuta alama za Uislamu wa Andalusia lakini haina siku ya kufika Córdoba au Granada: Toledo, na ianze na Cristo de la Luz badala ya kanisa kuu. Kijana anayetaka msisimko: Toledo ina waya wa kuruka juu ya mto karibu na daraja la San Martín.

Kuna wanaouza safari ya miji yote miwili kwa siku moja. Kwa watoto tunaikataa. Miji iko pande tofauti za Madrid, hivyo saa tatu au zaidi zitaishia kwenye viti vya basi, na mtaiona Segovia bila kuingia kasrini na Toledo bila kutoka uwanjani.

Kuhusu zawadi, Toledo inauza panga kila mtaa, ufundi wake wa chuma ukiwa wa kale kweli. Upanga, hata ule wa kufungulia barua, hauruhusiwi kwenye mkoba wa ndani ya ndege. Uwe kwenye begi la kupakiwa chini, la sivyo mtauacha mikononi mwa walinzi na mtoto akilia. Mazapán ni salama zaidi: lozi na sukari zilizosagwa na kufinyangwa maumbo, huuzwa kwa uzito, na gramu 200 zinatosha watu wanne kuonja kwenye treni. Ila chunguzeni sanduku lisiwe la mantecados zinazopangwa rafu hiyo hiyo, kwa sababu hizo hukandwa kwa mafuta ya nguruwe.